Mafua Yenye Mkia

Pandu alipofariki, mwanzoni mwa kipupwe, mama yake alikuja mjini kutoka Makunduchi na kikapu kimoja cha nguo, akasema atakaa mpaka eda ya mkwewe Salhiya iishe. Watu walidhani anasema tu, kama watu wasemavyo matangani. Matanga yakaanuliwa, jamvi likakunjwa, wageni wakarudi makwao, na Bi Mwatum akabaki.

Nyumba ilikuwa Kiponda, ghorofani, vyumba viwili alivyoachiwa Salhiya na wazazi wake. Ngazi zake zilisimama wima, na Bi Mwatum kila alipozipanda aliziambia maneno. Alisema watu wa mjini wanaishi juu kama njiwa, kisha wanashangaa magoti yao kuuma. Lakini kila asubuhi alishuka sokoni Darajani, akapanda tena na samaki wake, akapika, akala pamoja na mkwewe kwenye sinia moja. Hawakuwa na mengi ya kuzungumza. Salhiya na Pandu hawakujaaliwa mtoto, na kilichowaunganisha wanawake hawa wawili kilikuwa kimeshazikwa.

Salhiya alikuwa ameshika eda kwa nia moja. Alijua hakuna kitu kingine atakachoweza kumfanyia mumewe tena ila hiki: miezi minne na siku kumi, ndani, bila pambo, bila kukosea. Vipuli alivua. Wanja na manukato alivifungia kabatini. Udi haukuingia chumbani. Na juu ya hayo, bila kuambiwa na mtu, aliifungia pia chupa ya mafuta yake ya nazi na kopo la dawa nyeusi ya ngozi.

Hapo ndipo yalipoanzia yote.

Salhiya alikuwa na maradhi ya ngozi tangu usichana. Madaktari huyaita soriasisi. Yalimtoka mabaka mekundu viwikoni, magotini na mgongoni, na juu ya mabaka maganda meupe yaliyopukutika kama chokaa ya ukuta mkongwe. Hayaambukizi, lakini nani atakwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza watu hivyo? Familia moja ya Shangani ilishaleta posa, ikayaona mabaka kwenye arusi ya jirani wakati mkono wa baibui ulipopanda, na posa ikarudi ilikotoka kwa maneno ya adabu. Baadaye akaja Pandu, fundi wa kutengeneza vyerehani mwenye kibanda chake Mlandege, kutazama cherehani cha mama yake Salhiya kilichokuwa kikikata nyuzi. Salhiya alimpelekea chai. Akaona anautazama mkono wake, akangoja aulize. Pandu aliionja chai, akasema haina sukari.

Ukoo wa Salhiya ulinung'unika, kwani walikuwa watu wenye asili ya Arabuni, waliowahi kuwa na mashamba ya karafuu, na huyu alikuwa mtu wa shamba hasa, baba mvuvi, mama mkulima wa mwani. Lakini nung'uniko la mtu asiye na posa nyingine mkononi halidumu. Wakaozeshwa.

Mgongo wa Salhiya ukawa kazi ya Pandu. Mtu hawezi kujipaka dawa katikati ya mgongo wake mwenyewe. Kila akirudi kutoka kibandani Pandu alinawa mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka mafuta ya cherehani yatoke, kisha akampaka mkewe, kwanza dawa nyeusi, halafu mafuta ya nazi juu yake. Dawa ile ilinuka lami. Pandu alisema ameoa barabara mpya ya Fuoni. Alisema pia kwamba mashine yoyote isiyotiwa mafuta hukwama, na mwenye kuipenda mashine yake haitii mafuta siku inapokwama, huitia kila siku.

Ni yeye aliyekuwa wa kwanza kugundua. Mikono yake ilikuwa imeuzoea ule mgongo kama ilivyozoea vyerehani, na kila ulipobadilika alijua. Akaona kwamba Salhiya akishikwa na mafua, hasa yale mazito ya homa na koo, mafua hupona, watu wakasahau, na wiki mbili tatu baadaye mabaka yanachanua. Akamwambia, "Mafua yako yana mkia, Bi Salhiya. Kichwa kinapita, mkia unabaki nyumbani."

Walikwenda pamoja kwa daktari wa ngozi, Daktari Abdulhakim, na Pandu akamweleza habari ya mkia. Salhiya aliona haya, akadhani daktari atacheka. Daktari hakucheka. Alisema jambo hilo limeonekana kwa wagonjwa wengi. Virusi vinapoingia puani na kifuani, mwili hupiga ukelele na walinzi wake huamka. Kwa watu wengi walinzi huifanya kazi yao wakarudi kulala. Kwa mwenye soriasisi, wako walinzi ambao tangu zamani wana ugomvi na ngozi yake mwenyewe. Ukelele wa mafua ukiwaamsha, hawaulizi adui yuko wapi. Wanaipiga ngozi, na ngozi inayopigwa hujijenga mbio mbio, ngozi juu ya ngozi, mpaka inapukutika. Si kila mgonjwa, alisema, wala si kila mafua, na yako mengi ambayo bado hayajulikani.

"Kama Darajani," Pandu alisema. "Mtu anapiga kelele za mwizi, mwizi keshapita vichochoroni, na watu wanamkamata mchukuzi aliyesimama na gunia lake, wanampiga."

Daktari alisema ndivyo hasa, na kwamba ataiazima mithali hiyo. Kisha akawaonya. Mafua yakija, dawa za ngozi zisiachwe hata siku moja, ngozi isikwaruzwe, na mkia ukianza kuonekana waje mapema, wasingoje.

Mwaka huu wa msiba mafua yalienea mapema. Nusu ya Mlandege ilikuwa ikikohoa. Salhiya alianza yeye, homa na koo, akapona. Kisha Pandu. Kwa Pandu yalishuka kifuani yakawa nimonia, akapelekwa hospitali, akawekewa hewa, na hakupanda tena ngazi za Kiponda. Wakati wa matanga watu waliingia kwa mkono wa pole, mamia ya mikono, na wengi wao wakikohoa ndani ya kanga. Salhiya aliipokea yote. Na siku wageni walipoanza kupungua, aliona baka jipya nyuma ya sikio.

Jirani yake Rahila ndiye aliyeyapa mabaka jina. Rahila alikuwa mwanamke mwenye huruma na mdomo mwepesi. Alipoyaona mabaka shingoni alishika shavu akasema haya ni majonzi, yamekosa njia ya machoni yamepita ngozini, na kwamba hajawahi kuona mke aliyempenda mume kama huyu. Neno likashuka ngazi likaenea mtaani. Wanawake waliokuja kumtazama walimtazama kwa heshima. Ngozi ile ile waliyokuwa wakiikwepa arusini sasa waliisifu.

Na Salhiya alilipenda neno lile. Hakumwambia mtu. Mchana, akiwa peke yake, aliyatazama mabaka yakikaribiana kifuani na mapajani, akajiona kama mtu aliyeandikiwa mwilini. Kila kitu cha Pandu kilikuwa kikiondoka. Nguo zake zilitolewa sadaka, harufu yake ilishatoka kwenye mto, kibanda kilifungwa. Hili lilibaki, na lilikuwa linakua. Chupa na kopo vilikaa kabatini. Akiulizwa na Rahila kwa nini hajipaki, alijibu kwamba yumo edani.

Bi Mwatum yeye hakusema kitu. Hakulia pia, jambo ambalo watu waliliona. Kwenye matanga alikaa wima kama nguzo, akiwauliza wageni kama wamekula. Wengine walisema watu wa kusini ndivyo walivyo, wagumu.

Salhiya alidhani mkwewe ana tabia ya kufagia mapema, kwa kuwa kila alipoamka alikuta sakafu ya chumba chake ni safi. Asubuhi moja baridi ilimwamsha kabla ya adhana. Alikuwa akitetemeka, na shuka mbili hazikumsaidia. Alipofumbua macho aliona taa ya ukumbini imewashwa, na Bi Mwatum amechutama kando ya kitanda chake na ufagio wa chelewa, akikusanya maganda. Alikuwa akiyasogeza polepole, bila sauti, kwenye kipande cha gazeti. Yalijaa gazeti. Salhiya hakujua kama ni mengi kiasi hicho.

"Mama," alisema.

Bi Mwatum hakushtuka. Alikunja gazeti kwanza. "Lala. Nshamaliza."

"Kila siku unafanya hivi?"

"Nilidhani ukiyaona utasikitika." Akajinyanyua kwa kushika ukingo wa kitanda, akamwekea Salhiya mkono kwenye paji la uso, kisha akaufunua mguu wake. Mguu ulikuwa umevimba. Kutoka kifundo mpaka paja hapakuwa tena na baka na baka, palikuwa pekundu pote, pamevutika, pana joto kama chungu. Wala paji halikuwa na homa ya kulingana na kule kutetemeka. "Huu mwili unavuja joto," alisema. "Iko wapi ile dawa nyeusi?"

"Nimo edani, mama."

Bi Mwatum alikaa kitandani. Alisema yeye ameshakaa eda mara mbili, ya baba yake Pandu na ya mume aliyemfuatia. Katika ya kwanza aliumwa jino, akaenda hospitali mchana, akang'olewa huku amemkazia daktari macho asimtazame vibaya. Katika ya pili alikunywa dawa za malaria mpaka masikio yakalia. Hakuna sheikh aliyemwambia neno. "Eda imefunga wanja. Nani kakwambia imefunga daktari?"

Hapakuwa na aliyemwambia, na wote wawili walijua.

"Au ni nani wa kukupaka?" Bi Mwatum aliuliza kwa sauti ya chini.

Ndipo Salhiya akageukia ukutani. Alisema kwa shida, maneno yakitoka moja moja, kwamba amwachie. Kwamba hiki ndicho pekee cha Pandu alichobakiwa nacho. Kwamba watu wote wanasema ni majonzi, na yeye hataki kuyaponya majonzi yake kwa mafuta kama mtu anayefuta meza.

Alitegemea kubembelezwa. Adhana ilianza, na Bi Mwatum akangoja iishe. Kisha akasema, "Wewe angalau yako yametoka nje, watu wanakuja kuyatazama na kukupa pole. Mimi nimemzaa, na yangu hayana pa kutokea. Nilikuwa nnakuonea kijicho, Salhiya. Nafagia na nnakuonea kijicho."

Salhiya aligeuka.

"Lakini haya si ya Pandu. Pandu mwenyewe alikuwa akija kwangu, hata salamu hajamaliza, ananambia mama, kamua nazi, Salhiya kapata mafua, mkia unakuja. Nakaa nakuna. Nakuna mpaka mkono unakufa ganzi, yeye kakaa hapo anachekesha watu."

"Mafuta alikuwa akinunua Darajani."

"Nani kakwambia?"

Salhiya alikumbuka. Hakuna aliyemwambia. Chupa ilikuwa ikijaa tu, na Darajani mafuta ya nazi yanauzwa kila pembe. Miaka yote ile hakuuliza.

"Alikuwa akiona haya," Bi Mwatum alisema. "Aliogopa utasema mama wa shamba anaingia chumbani mwako." Akatikisa kichwa, nusura acheke. Kisha uso ukamrudi. "Yale mafua ndiyo yaliyoshuka kifuani kwa mwanangu. Kichwa cha mafua kimenichukulia Pandu. Na wewe umelala hapa unaufuga mkia."

Mwanga ulipoingia dirishani Salhiya alijaribu kusimama, miguu ikakataa, akakaa tena. Akasema, "Nitafutie baibui yangu, mama. Ile isiyo na tarizi."

Rahila alitumwa kuita teksi. Alipoona ngazini Salhiya anashushwa, ameshikiliwa na mkwewe, alitaka kuuliza habari ya eda, na Bi Mwatum akamwambia eda inashuka nao, haibaki juu. Gari ilipita Mlandege. Maduka yalikuwa yanafunguliwa, na kibanda cha Pandu kilikuwa na kufuli lake, na mbele yake mtu ameshapanga ndoo za plastiki. Salhiya alitazama mpaka kikapotea nyuma ya lori la vitunguu. Mara ya kwanza tangu msiba alikuwa nje, na alishangaa kuona kwamba hewa haikumshtaki.

Daktari Abdulhakim alikuwa ameongezeka mvi. Alimtazama mguu, mgongo, viganja, akapima mapigo ya moyo, na swali lake la kwanza lilikuwa kama alipata mafua. Salhiya alisema ndiyo, kabla ya msiba. Na dawa ya kupaka? Aliiacha. Daktari alisema ngozi ikiwa nyekundu mwili mzima si suala la urembo tena. Inapoteza joto na maji, na moyo unafanya kazi ya watu wawili. Angengoja zaidi, mambo yangekuwa mengine. Akasema atalazwa, apewe maji na dawa, na kwamba ngozi hii itatulia, lakini itataka subira.

Salhiya alimuuliza jambo moja tu. Ni mafua, au ni majonzi?

Daktari alivua miwani. "Sitakudanganya. Majonzi nayo yana sehemu yake, mwili hautenganishi kama tunavyotenganisha sisi. Lakini mlango yaliuvunja mafua. Na majonzi hayahitaji ngozi yako ili yakae." Kisha akakumbuka, akamuuliza yuko wapi yule bwana wa mithali ya mwizi, kwani amewaeleza wagonjwa wengi kwa mithali ile. Bi Mwatum ndiye aliyemjibu. Daktari aliinamisha kichwa, akamwombea rehema.

Alilazwa wodini mpaka kutetemeka kukaisha na uvimbe kushuka. Aliporudi Kiponda eda yake ilikuwa bado inaendelea, haina ufa. Kilichobadilika ni mlango. Bi Mwatum aliweka kigoda juu ya ngazi na akawa anawasikiliza wageni wakipanda. Aliyekohoa aliambiwa pole yake imepokewa kwa mikono miwili, na asimame hapo hapo chini apaaze sauti. Rahila alikuja na kamasi siku moja akazuiwa. Alisema kwa uchungu kwamba yeye ni jirani wa miaka ishirini. Bi Mwatum alimjibu kwamba na mafua yake ni ya leo, basi yaende kwanza ndipo yeye apande. Walirushiana maneno hivyo, mmoja juu mmoja chini, mpaka Rahila akacheka na kuliacha sahani la visheti kwenye ngazi.

Jioni ya kwanza baada ya kurudi, Bi Mwatum alifungua kabati, akatoa kopo na chupa. Alinawa mikono kwa sabuni ya kufulia bila kuambiwa. Salhiya alikaa juu ya mkeka, amempa mgongo, kanga imeshuka kiunoni, na aliona haya kama siku ya arusi.

Mikono ya Bi Mwatum haikuwa ya Pandu. Miaka ya kufunga mwani kwenye kamba baharini ilikuwa imeikausha, na vidole vilikwaruza. Alipaka kwa nguvu, kama mtu anayepiga lipu. Salhiya alisema taratibu, mama, na mkono ukapunguza mwendo. Harufu ya lami ilijaa chumbani.

"Hii ndiyo aliyokuwa akisema barabara?" Bi Mwatum aliuliza.

"Alikwambia?"

"Alikuwa hana siri yule."

Mkono ulishuka mgongoni, ukafika chini ya bega la kushoto, ukasimama. Bi Mwatum alisema hapa ngozi ni nene kuliko kwengine kote, imezoea, kama pahala pasipofikiwa.

"Hapo alikuwa akiparuka, hapapaki," Salhiya alisema. "Kila siku. Nilikuwa namwambia umepasahau, anasema nimepaka. Nikachoka kumwambia."

"Alikuwa akiruka hata sikio la kushoto, mtoto mdogo, nikimpeleka kuoga. Anatoka kwenye maji sikio limejaa mchanga, anasema mama, nimeosha."

Salhiya alicheka. Kicheko kilimtoka kidogo na kumuumiza kwenye mbavu, palipopasuka ngozi. Alingoja mkwewe acheke pia. Mkono ulikuwa umebaki chini ya bega, umetulia, hausogei.

Tone la kwanza lilianguka katikati ya mgongo. Lilikuwa la moto, na chumvi yake iliingia kwenye ufa wa ngozi ikachoma. Likafuata jingine, na mengine, mpaka hayakuweza kuhesabika, na pumzi ya Bi Mwatum ikakatika kama ya mtu aliyebeba kitu kizito kutoka mbali. Salhiya alishika ukingo wa mkeka. Yalichoma kila yalipogusa. Hakusogea wala hakugeuka, akauacha mgongo wake pale pale, mpaka mama yake Pandu alipomaliza.